Kosa Lisilo la Baba Wala Mama

Caleb alianza kuona wivu siku alipomsikia mkewe akicheka na simu.

Si kwamba alikuwa mtu wa kuchukia vicheko. Ila tangu binti yao Lynnet aanze kuanguka kifafa, kicheko cha Dorine kilikuwa kimehama nyumba ile, na Caleb alikuwa amekitafuta kwa kila njia: kwa utani, kwa leso mpya, kwa samaki wakubwa wa ngege wa kukaanga. Kilikataa kurudi. Sasa Dorine amesimama jikoni, simu ameibana kwa bega, anakata sukuma wiki, na anacheka mpaka kisu kinamponyoka.

"Nani huyo?" Caleb akauliza alipokata simu.

"Daktari Zadock," akajibu Dorine akijifuta macho. "Ati panya wake mmoja alimpotea, wakamtafuta chumba kizima, kumbe amelala ndani ya mfuko wa koti lake mwenyewe!"

Caleb hakuona cha kuchekesha. Alikuwa na mashine ya kusaga unga pale Oruba, mjini Migori, na kwa mtu wa kusaga, panya si mnyama wa masihara. Alikuwa amepigana nao miaka yote: mitego ya waya, paka wakali, na sumu ya unga aliyoichanganya na mahindi na kuinyunyiza nyuma ya magunia. Kila asubuhi akiokota mmoja kwa mkia alihisi amelinda chakula cha watu. Kumbe huko Homa Bay kulikuwa na mwanamume msomi anayewafuga panya hao kama watu wanavyofuga ng'ombe, akiwapa maji safi, akiwatazama wakilala, na mke wake Caleb anacheka naye.

Lynnet alizaliwa mzima, mtoto wa kunyonya kwa pupa na kushika ndevu za baba yake. Kabla hajatimiza mwaka alipata homa, homa ya kawaida tu, akakakamaa mikononi mwa Dorine, jicho likapinduka, mkono wa kushoto ukaanza kurukaruka. Tangu hapo hawakujua raha. Mafua kidogo yalimwangusha. Maji ya kuoga yakizidi moto, alianguka. Maneno aliyokuwa ameanza kuyasema, "baba," "maji," "paka," yalipotea moja baada ya jingine. Walimpeleka maombini, wakampeleka hospitali, akapewa vidonge vya asubuhi na jioni, na badala ya kupungua, kuanguka kukazidi.

Dada mkubwa wa Caleb, Bathsheba, mjane aliyeuza dagaa wa omena sokoni, alikuwa na maelezo yake. "Owadwa," alimwambia Caleb, maana ndivyo alivyozoea kumwita ndugu yake kwa Dholuo, "sisi kwetu hatuna ugonjwa wa kuanguka. Hiyo imetoka Rusinga na mama yake."

Caleb alinyamaza, kwa sababu alijua kitu ambacho Bathsheba pia alikijua na akajifanya amesahau. Baba yao mdogo aliwahi kuangushwa motoni na kifafa akiwa kijana, akafa na makovu usoni, na jamaa wakakubaliana lisisemwe tena. Caleb alibeba hofu hiyo peke yake. Kila Lynnet alipokakamaa, alijiambia, ni damu yangu hii.

Ndipo hospitali ya Migori ikawatuma Homa Bay, kwenye kliniki ya watoto iliyokuwa karibu na kituo kidogo cha utafiti wa ubongo. Siku ya kwanza Dorine alienda peke yake na mtoto, Caleb akabaki kinuni na mfanyakazi wake Ryoba kwa sababu ilikuwa siku ya soko. Jioni Dorine alirudi uso umechangamka.

"Hutaamini daktari mwenyewe ni nani. Zadock! Zadock wa kwetu Rusinga. Tulisoma darasa moja."

"Zadock yupi?"

"Yule nilikwambia. Aliyekuwa anakusanya mende kwenye kopo."

Caleb alimkumbuka. Dorine alikuwa amemtaja zamani, kabla ya ndoa, katika yale mazungumzo ambayo wachumba huulizana nani alikuwepo kabla yangu. Zadock alikuwepo. Dorine alimkataa, mambo yakaisha, Zadock akaenda kusoma ng'ambo. Sasa amerudi na koti jeupe, na anamshika mtoto wa Caleb kichwa.

Tangu siku hiyo jina la Zadock likawa mgeni asiyeondoka mezani. Zadock anasema mtoto asifunikwe sana. Zadock anasema ubongo wa Lynnet ni kama mji wenye taa za barabarani: kuna seli za kuwasha na seli za kuzima, na zake za kuzima ni dhaifu. Zadock ana panya ambao wamewekewa kosa hilohilo lililoonekana kwenye damu ya Lynnet, kwenye jeni ileile, na wanaanguka vilevile wakipata joto. Dorine aliyasema hayo akimlisha mtoto uji, kwa ufasaha, na Caleb akabaki kumega ugali kimya. Aliona mkewe amepata lugha mpya, na lugha hiyo hakufundishwa naye.

Kisha ikaja habari ya damu. Zadock alitaka ya mtoto tena, ya mama na ya baba. Caleb alikawia akitoa visingizio vya kinu, kwa ile hofu yake ya siri, lakini mwishowe akaenda kliniki ya Migori akanyoosha mkono, chupa ikapelekwa.

Majibu yalipotoka Dorine ndiye aliyeyapokea. Alirudi kutoka Homa Bay, akamlaza Lynnet, akamkuta mumewe uani akifunga mkanda wa mashine. Akakaa karibu naye, akamshika goti.

"Baba Lynnet, sikiliza. Lile kosa halikutoka kwako."

Alikuwa amelibeba neno hilo njia nzima kama zawadi. Alijua habari za baba mdogo; Bathsheba mwenyewe alimwambia siku moja wakikosana. Alitarajia mumewe ashushe pumzi. Badala yake Caleb aliacha spana ikaanguka.

"Halikutoka kwangu?"

"Hapana. Damu yako haina."

"Basi ni kwako."

"Wala kwangu. Zadock anasema ni kosa jipya. Limeanzia kwa Lynnet mwenyewe."

Caleb alikuwa mtu wa mahindi. Mahindi meupe huzaa meupe, ya njano huzaa njano, na ukiona punje ya njano kwenye gunzi jeupe ujue chavua imetoka shamba la jirani. Kitu kisichotoka kwa mume wala kwa mke hakishuki kutoka mbinguni. Kinatoka kwa mtu wa tatu.

"Zadock amesema," akarudia.

"Ndiyo, na akaeleza vizuri, anasema wakati mbegu inajinakili..."

"Inatosha."

Akaokota spana na kuendelea na kazi. Dorine alidhani amechoka.

Wivu ukishapata pa kukaa, hauhitaji kulishwa na mtu; hujitafutia chakula wenyewe. Caleb alianza kukumbuka. Mwaka waliompata Lynnet, Dorine alienda Rusinga kwenye matanga ya shangazi yake akakaa huko. Je, si mwaka huohuo Zadock alikuja nyumbani likizo? Hakuwa na hakika, lakini kadiri alivyowaza ndivyo alivyozidi kuwa na hakika. Alimtazama Lynnet akiwa amelala na kujaribu kuutafuta uso wake mwenyewe kwenye uso ule. Kidevu ni cha nani? Masikio je? Alimuuliza Bathsheba, akijifanya anatania, mtoto anafanana na nani.

Bathsheba hakutania. "Si na sisi," alisema, akaendelea kupepeta omena.

Siku moja Dorine aliacha simu mezani akienda kuanua nguo. Caleb akaichukua. Hakupata maneno ya mapenzi. Alipata video. Katika ya kwanza panya mdogo mweusi alikuwa amelala ubavu akitetemeka, mguu wa mbele ukipiga hewa. Katika ya pili panya kama huyo alikuwa anakimbia kwenye gurudumu, mwepesi, macho yanang'aa, na sauti ya Zadock ikasema kwamba huyu amepata dawa mpya, tazama, Dorine, hajaanguka tena. Caleb alijikuta anamwonea wivu panya. Mnyama wa kunyongwa na waya amepona, mtoto wangu hajapona! Ikaja ya tatu. Ilikuwa kliniki. Lynnet alikuwa amekakamaa mikononi mwa mwanamume mwenye koti jeupe, na mwanamume yule alikuwa anampapasa mgongo akimpa pole kwa Dholuo, taratibu, "Mos, nyathina. Mos."

Nyathina. Mwanangu.

Kila mtu mzima kando ya ziwa lile humwita mtoto yeyote nyathina: mwalimu, muuza ndizi, mpita njia. Caleb mwenyewe aliwaita hivyo watoto walioletwa kinuni na debe la mahindi. Lakini siku ile neno hilo liliingia sikioni mwake kama kiapo cha mahakamani.

Dorine aliporudi na nguo alimkuta amesimama mlangoni.

"Alhamisi huendi Homa Bay."

"Alhamisi ndiyo tunabadilisha dawa! Zadock anasema hizi anazomeza zinamzidishia. Kwa panya waliona..."

"Nimesema huendi. Mwanangu si panya."

"Na mimi nimesema yeye ni panya?"

"Kama unataka kwenda, nenda, lakini mtoto anabaki."

Dorine alilia, akabembeleza, akanyamaza. Hakujua amekosa nini, na Caleb hakumwambia, kwa sababu kulisema kungelifanya kuwa kweli, na pia kwa sababu alikuwa na mpango wake.

Alhamisi asubuhi alimwambia mkewe anakwenda Ndhiwa kutafuta mahindi. Akapanda gari la Homa Bay. Mfukoni alikuwa na kipakiti cha mahindi yaliyosagwa nusu, yamechanganywa na ile sumu ya unga. Hakuwa na nia ya kumgusa Zadock. Hakuwa mtu wa ngumi. Alitaka kumgusa pale pa kuuma. Alitaka Zadock naye aamke asubuhi akute wale anaowapenda wamekakamaa.

Kituo kilikuwa nyumba ndefu ya chini yenye uzio, na ziwa likionekana nyuma yake. Alipotaja jina lake mlangoni, Zadock alikuja mwenyewe, mfupi kuliko alivyomfikiria, kipara kimeanza, mkono ameunyoosha tangu mbali.

"Jaduong', mzee wangu! Karibu sana. Nimemwomba Mama Lynnet mara nyingi akulete. Mtoto yuko wapi?"

"Amebaki. Nimekuja kuona panya."

Zadock alisita kidogo, kisha akafurahi kama mtu aliyeombwa kuonyesha watoto wake. Akamkabidhi kwa Nyatichi, mwanamke aliyewatunza wanyama, ili avalishwe. Nyatichi alimpa ovaroli, kofia ya karatasi, mifuko ya kuvaa juu ya viatu na glavu. Simu na koti vikabaki kabatini. Caleb alikificha kipakiti kiganjani na kuvuta glavu juu yake.

Ndani kulikuwa na ubaridi na harufu ya vumbi la mbao. Vizimba vya plastiki vilipangwa kwenye rafu kama vyombo dukani, na ndani ya kila kimoja panya wadogo weusi walikuwa wanachimba, wananusa, wanalala juu ya wenzao. Hawakufanana na wale wa kinuni. Hawakumwogopa.

"Hawa ndio," Zadock alisema. "Wa kwanza wao alitengenezwa Nairobi. Yai la panya mzima, mbegu ya panya mzima. Tukaingia ndani ya yai na kubadilisha herufi moja tu ya jeni, ileile iliyobadilika kwa Lynnet. Alipokua akaanza kuanguka. Hawa wengine ni uzao wake."

"Huyo wa kwanza, baba yake alikuwa na hilo kosa?"

"Hapana."

"Mama yake?"

"Hapana. Tuliliandika sisi."

"Na kwa Lynnet?" Caleb aliisikia sauti yake ikikauka. "Kwa Lynnet liliandikwa na nani?"

"Hakuna mtu. Mwili ukitengeneza mbegu au yai unanakili maandishi mengi mno, na mara mojamoja unakosea. Mimi ninayo makosa yangu, wewe unayo yako ambayo wazazi wako hawakuwa nayo. Mengi hayadhuru. La Lynnet limeangukia mahali pabaya."

Caleb alikaribia. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imelowa jasho ndani ya glavu. "Mtu anaweza kusema hivyo kumfichia mwanamke siri."

Zadock alimtazama. Taratibu uso wake ulibadilika, kama mtu anayesikia mlango ukifunguliwa nyumba ambayo alidhani haina mtu.

"Jaduong'. Hicho ndicho umekuja kuuliza?"

Caleb aligeuza macho kwenye vizimba.

"Basi nikujibu vizuri. Siwezi kusema kosa ni jipya kabla sijahakikisha kwamba wazazi waliotoa damu ndio wazazi. Hilo ndilo tunaangalia kwanza. La sivyo hesabu yote ni bure. Lynnet ni wako. Nusu ya maandishi yake ni yako, nimeyaona kwa macho yangu. Kama ungekuwa si wewe, ningejua kabla ya Dorine kujua."

Ilimpasa Caleb kufurahi. Alitazama sakafu na kuhisi kitu kingine kabisa, aibu iliyochanganyika na hasira mpya. Hata ubaba wake ameupokea kutoka kinywani mwa mtu huyu.

Kabla hajapata la kusema, Nyatichi alikuwa amemweka panya mmoja kwenye chombo cha kioo chini ya taa. Ilikuwa kazi yao ya siku ile: kupandisha joto kidogo kama la homa, kuona dawa inafanya nini, kisha kuzima. Panya alijisugua pua. Akasimama. Kisha mguu wa mbele wa kushoto ukaanza kurukaruka, shingo ikapinda, akaanguka.

Ulikuwa mkono uleule. Ulikuwa ule mpindo wa shingo ambao Caleb aliuota akiwa amelala na kuuona akiwa macho. Alisahau alikokuwa.

"Mlaze ubavu!" alipiga kelele. "Mlaze ubavu, atajisonga!"

Akajikuta amenyoosha mikono yote miwili kuelekea kwenye kioo. Nyatichi alikuwa ameshazima taa na kuweka kitambaa baridi. Panya alitulia, akabaki anahema. Caleb naye alikuwa anahema. Ndipo alipohisi kipakiti kimepasuka ndani ya glavu na punje zinamkwaruza kiganja. Akakirudisha kile kiganja nyuma na kukikunja ngumi, kwa hofu ya kugusa kitu chochote.

"Na yule aliyekuwa anakimbia kwenye gurudumu?" aliuliza. "Aliyepona. Nimemwona kwenye simu ya mke wangu. Yuko kizimba gani?"

Zadock alivuta pumzi. "Hayupo. Ili tujue dawa imebadilisha nini ndani ya ubongo, lazima tuutazame ubongo. Tulimlaza kwa dawa, hakuamka."

"Amepona, mkamuua."

"Ndiyo. Hiyo ndiyo kazi. Kuna kamati inatuuliza kila mara kama ni lazima, na mimi pia hujiuliza."

Wiki nzima Caleb alikuwa amemwonea wivu panya aliyekwisha kufa.

Mtu aligonga dirisha la kioo. Ni askari wa getini, ameshika simu ya Zadock juu, inalia. Walitoka hadi kwenye chumba cha kubadilishia, Zadock akaiweka sauti ya juu huku akivua glavu zake.

"Zadock!" Ilikuwa sauti ya Dorine. "Lynnet ameanguka na haachi. Ana homa tangu asubuhi. Nampigia baba yake, hashiki!"

Zadock alimwambia ampeleke hospitali ya karibu sasa hivi, akifika ampe muuguzi simu, atamwambia ni sindano ipi na ni ipi wasithubutu kumpa. Kisha akasema, "Caleb yuko hapa."

"Hapo? Hapo anafanya nini?"

Zadock alikuwa ameshaingia mbio kwenye maegesho. Caleb alivua glavu kwa uangalifu, akaitumbukiza kwenye pipa, akanawa mikono hadi kwenye viwiko. Alikuwa mlangoni aliposimama na kugeuka.

"Dada," alimwambia Nyatichi, "hiyo glavu usiishike kwa mkono. Ichome, au muizike mbali. Isifike kwa panya."

Nyatichi alitazama pipa, akamtazama yeye. Alijiweka mbele ya mlango wa chumba cha wanyama, mikono kifuani, akasimama hapo mpaka Caleb alipoondoka.

Zadock aliendesha gari kama anayefukuzwa. Walipita Rodi Kopany, wakapita Rongo, hadi miwa ya Awendo ilipoanza pande zote mbili za barabara.

"Ulitaka kumwoa Dorine," Caleb alisema.

"Nilitaka. Alinikataa. Alisema napenda wadudu kuliko watu."

"Na sasa?"

"Sasa nina mke, na watoto." Zadock alipita lori la miwa kabla ya kuendelea. "Lakini nikikwambia sifurahi simu yake ikiita, nitakuwa mwongo. Nafurahi. Sijafanya neno lolote juu ya furaha hiyo na sitafanya. Ni hivyo tu."

Caleb alishukuru kwamba hakudanganywa, na wakati huohuo alitamani kufungua mlango na kushuka.

Hospitalini Migori walimkuta Lynnet amelala, drip mkononi, amelegea lakini anapumua. Sindano sahihi ilikuwa imefanya kazi. Dorine alikuwa ameketi kando ya kitanda na kiatu kimoja tu mguuni. Kingine kilimponyoka njiani na hakurudi kukiokota. Zadock alimpima mtoto, akaongea na wauguzi, akatoka nje bila kuambiwa.

"Uliniambia uko Ndhiwa," Dorine alisema.

Caleb alijaribu kuanzia mbali, kwenye mahindi, kwenye neno nyathina. Akashindwa. "Niliuliza kama Lynnet ni wangu."

Dorine hakupiga kelele. Alimtazama kama anayemtazama mtu kwenye picha ya zamani, akitafuta jina lake. "Ulimuuliza yeye," akasema mwishowe. "Mimi niko kwa nyumba yako kila siku, ukaenda kumuuliza yeye."

Lynnet aliporuhusiwa, hawakurudi Oruba. Dorine alimbeba mtoto hadi kwa mama yake, Rusinga.

Caleb aliishi na mashine yake. Bathsheba alimletea chakula na kumwambia kwamba afadhali, sasa ukweli utajulikana. "Ukweli umejulikana," Caleb alimjibu. "Ni wangu. Na ungekuwa na huruma hata kidogo ungenikumbusha baba mdogo badala ya kunisaidia kuwa mjinga." Bathsheba aliondoka na sahani zake, na kwa muda hawakusemezana.

Hatimaye Caleb alipomfuata mkewe Rusinga, alivuka daraja la Mbita kwa miguu, akapanda njia ya mawe hadi kwa wakwe zake. Hakupeleka zawadi. Dorine alimpokea uani, si ndani. Lynnet alikuwa kwenye mkeka kivulini, akijaribu kushika kivuli cha kuku. Dawa zilikuwa zimebadilishwa. Kuanguka kulikuwa hakujaisha, lakini sasa walipata siku za kupumua katikati.

"Sikuja kukwambia nimeacha wivu," Caleb alisema. "Sijaacha. Hata sasa nikimfikiria napata moto hapa. Nimekuja kusema nilikukosea, na mtoto nilimkosea zaidi. Angekufa kwa sababu yangu."

Dorine aliitwa na mama yake mara mbili kutoka jikoni, hakwenda.

"Nitarudi," alisema. "Lakini kliniki sitaenda tena. Utampeleka wewe. Utaketi kwenye lile benchi, utauliza wewe, utasikia wewe, halafu jioni utakuja kuniambia. Kama wivu utakushinda, ukushinde huko."

Kwa hiyo Caleb ndiye aliyempeleka. Mara ya kwanza Zadock alifunga mlango wa kliniki, akakaa, akasema kwa sauti ya chini, "Nyatichi aliniambia kilichokuwa ndani ya glavu."

Caleb aliinamisha kichwa.

"Kwenye nyumba ya wanyama hutaingia tena. Hilo limekwisha. Hapa utaingia, kwa sababu huyu ni mgonjwa wangu." Akavuta kiti karibu. "Haya, niambie. Tangu mara ya mwisho, ameanguka vipi?"

Caleb alimweleza: alivyoanza, mkono upi, alivyomaliza, alichokuwa amekula, kama alilala baadaye. Katikati ya maelezo Lynnet alitambaa kutoka mapajani mwake, akavuka meza, akashika mipira ya kupimia moyo shingoni mwa daktari na kuivuta kwake.

"Mos, nyathina," Zadock alisema.

Ule moto ulipanda, uleule, hadi kooni. Caleb aliusubiri ushuke. Haukushuka wote. Akaendelea kueleza pale alipokuwa ameishia, kwa sababu Dorine alikuwa nyumbani Oruba anangoja kuambiwa, na kulikuwa na mambo ambayo bado hajayauliza.